Ukungu wa Kishonanguo

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mtu wa kujua kila kitu. Aliwahi kupuliza salfa kwenye mikorosho kule chini, karibu na Mbamba Bay, misimu miwili tu, na tangu hapo akawa daktari wa kila jani. Mwaka huo alipanda huku Mbinga kutusalimia, na buti zake mpya, akaingia shambani kwa mama bila kualikwa.

Tulikuwa tunajiandaa kupanda maharage, chakula chetu cha mwaka mzima. Gugu la kishonanguo lilikuwa limejaa, majani yake meupe kama yamemwagiwa unga. Akashika kiuno.

"Huu ni ubwiri unga, mama. Nimeuona ukimaliza mikorosho. Ukiyafukia majani haya, maharage yako basi tena."

Upuuzi mtupu. Ukungu ule una gugu lake moja na hauhami. Tangu nianze kushika jembe nauona kila mwaka, na maharage yanaota ubavuni mwake yakiwa safi. Mama aliujua kuliko sisi sote, ila mwanamke wa rika lake habishani na mkwe. Aliinamisha kichwa, akasema, "Haya, baba," kisha akanitazama mimi. Nami, na cheti changu cha kidato cha nne, nikatazama buti za shemeji.

Sisi Wamatengo tunalima ngoro. Tunafyeka nyasi na magugu, tunayapanga kwa miraba mteremkoni, tunachimba udongo wa katikati na kuyafukia, ndipo tunapanda juu yake. Nyasi ndizo zinazoshika udongo. Msimu ule tulizikokota zote hadi mpakani, tukazichoma. Shemeji alisimamia, akijifuta jasho ambalo hakulitoa. Mama akarundika udongo mtupu, akapanda mbegu yake yote.

Mvua za Aprili ziliteremka na matuta na maharage hadi mtoni. Shemeji alikuja shambani kutoa pole, akasema angalau ugonjwa umekoma. Nyuma yake, mpakani, kishonanguo kilichoota upya kilikuwa cheupe vilevile. Mama akamshukuru kwa kuja.

Alipoondoka nilimtukana hadi mate yakanikauka. Mama alikuwa akichomoa miche michache kwenye tope. Hakuinua kichwa.

"Yule kwangu ni mkwe," akasema. "Kwako ni shemeji. Shemeji anataniwa, anabishiwa. Siku ile mdomo huo ulikuwa wapi?"