Mwizi wa Perege

Nilikuwa kwenye kaunta ya vifaranga vya samaki hapa Moshi, naeleza kwa sauti jinsi jirani yangu wa Kilema alivyonimalizia perege wote bwawani. Nimetembea nchi nyingi, nikasema, mwizi namjua kwa macho.

Mama muuzaji akaweka ndoo chini. "Baba, hao perege wadogo uliwatia bwawa lenye nini?"

"Lenye kambale. Wakubwa hivi." Nikaonyesha kuanzia vidole mpaka kiwiko. "Na siku hizi wamenenepa kweli."

Akanitazama kwa huruma. Nyuma yangu mtu akakohoa. Kugeuka, ni jirani mwenyewe, bibi wa watu, ambaye hatujasalimiana naye tangu nimshitaki kwa mwenyekiti wa kijiji.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Foleni nzima ikanyamaza kumsaidia. Nchi zote hizo nimezunguka, kumbe mwizi nilikuwa namlisha pumba mwenyewe kila asubuhi.

Nikamwahidi kwamba jioni nitapanda kwake na jani la sale, ambalo kwetu Uchaggani ndilo la kuombea msamaha.

"Masale ninayo uzio mzima," akasema. "Wewe niletee kambale."