Mpira wa Fundi Juu ya Mnazi wa Babu

Nianze na upumbavu wenyewe, tusizungushane: nilipokuwa darasa la nne niliufunga mnazi wa babu mpira wa maji, ili tembo, ule utomvu wake mtamu unaogeuka pombe, literemke lenyewe mpaka kwenye sufuria ya mama. Kama bomba. Umecheka? Cheka tu, si wa kwanza.

Nimeyakumbuka haya juzi, nilipotumwa Mjambere nikapita pale tulipokuwa tukikaa. Sasa pana ghorofa lenye geti jeusi, na bawabu akaniuliza naenda kwa nani. Nilitaka kumwambia naenda kwa babu, ila sikujua ni mlango wa ngapi. Nikasimama ukutani kidogo, nikijifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndara.

Zamani hapo palikuwa na ua wa makuti na mnazi mmoja mrefu, uliopinda kidogo katikati kama mtu anayesikiliza umbea. Babu, baba yake mama, alitoka Kaloleni akaja kukaa nasi bibi alipofariki. Alikuja na mkeka, shuka, na kotama, kile kisu cha mgema chenye kupinda. Mimi aliniita mume mwenza, kwa maana bibi, alivyodai, tulimwoa pamoja, na mahari yangu bado sijamaliza kutoa.

Kila alfajiri nilimsikia kabla sijamwona. Nyayo zake zikipapasa vidato alivyochonga shinani, kisha kimya, kisha sauti ya kotama kule juu ikinyoa ncha ya karara, lile ua la mnazi lisilofunguka bado: shwa, shwa. Anakata kidogo tu, wembamba wa ganda la kitunguu, halafu anarudisha kibuyu chake kikinge matone. Akishuka alinipa funda moja la tembo la asubuhi, tamu, halijapata ukali bado, lenye povu linalowasha pua. Linalobaki mama aliumulia unga wa vitumbua. Mama alikuwa mwimbaji wa kwaya na tembo hakutaka hata kulisikia, lakini la vitumbua, alisema, moto unalibatiza. Wallahi, sijala tena vitumbua vile. Vilikuwa na matundu ndani, vikinukia iliki na uchachu kwa mbali, na kingo zake zikilia ukiziuma.

Basi ikaja Julai, na baridi yake. Najua watu wa bara mnatucheka. Jirani yetu, fundi mwashi kutoka bara, alitukuta tumevaa masweta na soksi akauliza, "Hii ndiyo mnaita baridi? Kwetu hii tunaogea." Lakini upepo wa kusi ulivuma na manyunyu yake, shina likawa telezi kama kambare, na asubuhi moja mguu wa babu ukakikosa kidato. Hakuanguka. Aliteleza akikumbatia mnazi mpaka chini, kifua kikachubuka, goti likavimba likawa kubwa kuliko kichwa changu, na kichwa changu, waulize wenzangu, si kidogo.

"Baba, hupandi tena," mama alimwambia, akimkanda kwa maji ya moto.

"Basi nirudishe kwetu," babu akajibu. "Mgema asiyepanda anakaa mjini kufanya nini? Kuhesabu ndege?"

Mama akaendelea kumkanda. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikasikia yote. Nikafikiri kwa akili zangu zote za darasa la nne: kama shida ni kupanda, tembo lishuke lenyewe.

Fundi alikuwa na mpira mwembamba wa kupimia levo, ule mnaona maji ndani, mrefu ajabu. Niliuazima, yaani yeye hakuwepo. Mama alipokwenda sokoni na babu akasinzia juani, nikapanda. Nilikuwa nimekata chupa ya soda nusu; nikaifunga chini ya ncha ya karara kwa tyubu ya baiskeli, nikauchomeka mpira mdomoni mwa chupa. Upepo ulinitikisa huku na huku, na chini sufuria ikionekana kama kifungo cha shati.

Na likashuka, rafiki yangu! Tone, tone, likijikokota ndani ya mpira. Babu alipoamka akaona ule utumbo umening'inia kutoka mbinguni, alicheka mpaka akashika goti. Akaonja. "Tamu," akasema, "ila lina ladha ya ukuta."

Mama hakuuona mpira siku hiyo, kwa sababu ulikuwa upande wa nyuma, na babu hakunisema. Kesho yake matone yakapungua. Keshokutwa, kavu. Nikautikisa mpira, nikaupuliza, nikaunyonya, nikapata sisimizi mmoja.

"Mume mwenza," babu akaniambia kwa upole, "mnazi haumwagi tu. Kile kidonda chake kikikaa bila kunyolewa asubuhi na jioni, kinapona, na kikipona ndiyo basi. Lazima mtu apande amchokoze."

Kumbe kupanda ndiko kugema kwenyewe. Hilo halipiti mpirani.

Nikachukua kotama, nikapanda kumchokoza mimi. Nilikuwa juu kabisa, kisu mdomoni, nikiziona ndege zikishukia uwanjani upande wa Changamwe, mama alipoingia uani na kapu lake.

Hapo nikuache kidogo. Mnazi ule haupo, ulikatwa ghorofa lilipokuja. Fundi alirudishiwa mpira wake, na akawa anasingizia tembo kila ukuta wake ulipopinda. Vitumbua vya mama siku hizi vinaumuliwa kwa hamira ya dukani. Vinaumuka vizuri, ila nikimtazama akionja cha kwanza naona akitafuta kitu asichokipata. Babu amezikwa kwao Kaloleni, penye minazi yake. Kotama ninayo mimi, chini ya godoro, butu. Nami ndiye yule mwanafunzi anayetolewa darasani kwa mizaha, na mwalimu akiniuliza, "Wewe, ni nani aliyekutuma kuchekesha watu?" huwa natazama viatu vyangu tu, kwa sababu jibu ninalo, ila halisemeki mbele za watu.

Siku ile, mimi nikiwa bado juu, mama alitua kapu, akautazama mpira, akamtazama babu aliyekuwa akitazama pembeni, akaelewa yote. Kisha akainua uso, na manyunyu yakimwingia machoni, akaniambia:

"Shuka, mwanangu, polepole. Babu yako anarudi kwao Jumapili. Ukianguka na wewe, nani atanichekesha?"