Bahasha ya Katibu

Mimi ni Mwahija binti Shaaban, majirani huniita Mama Zamoyoni, na watu wote wa Buseresere watakwambia kwamba mdomo wangu hauna kufuli. Nimegombana na wauza mkaa, nimegombana na makondakta, na marehemu mume wangu Sabiti, fundi cherehani, alikuwa akisema siku nikikosa mtu nitamgombeza mbuzi. Lakini mwaka wa sabini na saba nilikaa kimya wiki sita nzima juu ya jambo moja. Nitakusimulia lilivyokuwa, na usinionee huruma, sitaki.

Jirani yangu alikuwa Scolastika, Mama Thobias. Tulitenganishwa na ua wa minyaa tu, na ua wenyewe tulikuwa tumeutoboa njia. Yeye Msukuma wa vijijini huko Geita, mimi mzaliwa wa Tabora; yeye kanisani Jumapili, mimi na kanga yangu ya swala. Chumvi ikiniishia nilikuwa naingia jikoni kwake bila hodi. Hakujua kusoma. Elimu ya watu wazima ilipoletwa alikwenda wiki tatu akaacha, akasema zile herufi zinamtazama vibaya. Alizaa watoto sita akazika watano, akabaki na huyo Thobias.

Mume wake, Herman Bujiku, ndiye aliyekuwa Katibu wa tawi la Chama. Zamani alikuwa karani wa stoo kule mgodini Geita, na mgodi ulipofungwa akahamia kwetu na baiskeli na sanduku lake la bati. Mtu mrefu, mkavu, haombi wala hapokei. Ukimpelekea kuku anamrudisha kuku na jina lako analiandika. Mdogo wake, Mageni, alimjia siku moja na vumbi la dhahabu ndani ya pampu ya baiskeli, anatafuta mnunuzi wa magendo. Herman alimpa ugali, akangoja amalize kula anawe mikono, halafu akampakia kwenye baiskeli akampeleka polisi mwenyewe. Miaka miwili jela, mdogo wake wa tumbo moja! Mama yao alikufa bila kumsemesha tena Herman. Mwenzangu, mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa analala kitanda kimoja na rafiki yangu.

Sasa sikiliza. Siku hizo kijana wa kiume alikuwa hatoki shule akaingia Chuo Kikuu moja kwa moja. Akimaliza kidato cha sita anakwenda jeshi la kujenga taifa, akitoka anafanya kazi miaka miwili, kisha ndipo anaomba. Na ombi lake haliangaliwi mpaka tawi la Chama pale anapofanya kazi litume ripoti ya siri juu ya tabia yake. Yeye mwenyewe haruhusiwi kuiona. Katibu anaijaza, anaifunga kwenye bahasha, anapiga muhuri pale bahasha inapofungiwa, nusu juu ya kifuniko na nusu chini, na kuipeleka posta kwa mkono wake. Chuo Kikuu kilikuwa kimoja nchi nzima, na waombaji wamejaa kila wilaya. Thobias alikuwa karani wa ghala la pamba hapohapo Buseresere, kwa hiyo ripoti yake ilikuwa ya kuandikwa na baba yake.

"Si ndiyo bahati hiyo?" nilimwambia Scolastika. "Mwandishi ni baba mtu!"

Alinitazama kama niliyemtukana. "Mama Zamoyoni, humjui yule mtu? Mtoto wa mwenzake ataandika mema yake. Wa kwake ataandika yote."

Nilijua anasema nini. Mwaka wa sabini na nne, watu walipohamishiwa vijijini, Herman ndiye aliyesimamia upande wetu. Nyumba ya mama yake mwenyewe ilibomolewa, na bibi yule alikuwa mgonjwa, akalala chini ya turubai siku nne, ya tano akafa. Thobias alikuwa amerudi kutoka shule. Alisimama mbele ya mkutano mzima akamwambia baba yake, "Hiyo si siasa, baba. Huo ni unyama, na wewe unajua." Herman alifunga daftari lake akaondoka, na tangu siku ile baba na mwana walikuwa wanazungumza habari ya maji na kuni tu. Sasa niambie, mtu aliyemfunga mdogo wake kwa pampu ya baiskeli, akiulizwa kwenye fomu ya Chama kuhusu msimamo wa mwombaji, ataandika nini?

Jumatano moja ya mwezi wa nne Herman alikwenda mkutanoni Chato. Saa nne asubuhi Scolastika akapita kwenye ule ua, kitenge kakiminya kifuani. Akatoa bahasha. Alikuwa ameitoa kwenye sanduku la bati, maana ofisi ya tawi haikuwa na mlango wa maana na Herman alikuwa analala na nyaraka zake nyumbani. Ijumaa ingeondoka na basi kwenda posta Biharamulo.

"Nisomee," alisema.

"Imefungwa, Mama Thobias. Ina muhuri."

"Nisomee. Kama ni mbaya nitaitia motoni niseme panya."

Na hapa ndipo ninapojilaani, kwa sababu yeye alikuwa hajui la kufanya, mimi ndiye niliyejua. Nilikuwa nimewahi kumfungulia dada yangu barua za mumewe, mjuaji mimi! Nikabandika sufuria ya maji, yakachemka, nikashikilia bahasha juu ya mvuke mpaka gundi ikalegea. Scolastika akaikalia mikono yake. Nikafungua ile karatasi nikamsomea pale pale jikoni, neno kwa neno, na bado ninayo kichwani.

"Nimemfahamu mwombaji tangu kuzaliwa kwake kwa kuwa ni mwanangu, na Chuo kiamue kama ushahidi wangu unafaa. Mwaka 1974 alinipinga hadharani. Yeye alikuwa na haki na mimi nilikosea. Sijapata kumwambia. Ni mkweli kuliko mimi na ana moyo wa kutumikia watu. Naomba apokewe."

Loo! Scolastika alilia, nami nikalia, tukashikana kama watu wa msibani. Miaka ishirini na sita ya ndoa, alisema, na hakujua mume wake anaweza kutamka neno "nilikosea". Tulikuwa na furaha, wallahi, kwa kiasi cha dakika tano. Halafu nikaigeuza bahasha niifunge.

Muhuri ulikuwa umechuruzika. Ule wino wa zambarau ulikunywa mvuke ukatapakaa, jina la tawi halisomeki, na kifuniko kimekunjamana. Nikakibandika kwa uji wa muhogo, nikakilaza chini ya pasi ya Sabiti. Ikawa mbaya zaidi. Scolastika akasema labda hawataangalia. Nikasema labda. Tulijua wote wawili kwamba wataangalia, maana kazi ya muhuri ni hiyo.

Tungemwambia Herman jioni ile angeandika nyingine. Fomu tupu alikuwa nayo. Lakini kufungua waraka wa siri wa Chama! Tulimfikiria Mageni anavyonawa mikono huku hajui anakokwenda. Mimi nikamfikiria na Sabiti, na cherehani yetu, na kibali chetu cha vitambaa kilichopita mikononi mwa Katibu huyo huyo. Tukaapa kunyamaza. Ijumaa Herman aliitia bahasha katikati ya gazeti bila kuitazama, akapanda basi.

Basi tukaanza kungoja. Wazazi wengine waliongoja mwaka ule walikuwa na matumaini na wasiwasi nusu kwa nusu. Sisi tulingoja kama watu waliokwishasikia hukumu. Melania wa zahanati, aliyekuwa na mwanawe Nkwabi kwenye maombi hayo hayo, alikuja kwangu akaniuliza kama Mungu wetu Waislamu anapokea dua za mitihani. Kila basi la Biharamulo likipiga honi Scolastika alikuwa anaacha alichoshika. Akakonda, nguo zikawa zinamning'inia. Usingizi ukamkimbia, na mimi chakula kikawa hakinipiti.

Kilichotumaliza kabisa ni Herman. Yule mtu alianza kutumaini! Akawa anasimama kituo cha basi mikono nyuma, anajifanya anakagua usafi. Siku moja akaja kwa Sabiti, akaagiza suruali mbili za kipimo cha Thobias, akalipa papo hapo. "Kitambaa kiwe chepesi, fundi," alisema. "Dar es Salaam kuna joto." Kisha akainama kidogo. "Kijana asijue kwanza." Nilikuwa natandika shuka ndani, nikaketi juu ya kitanda. Siku tatu nilisikia cherehani ikishona zile suruali, na kila mshono ulinichoma.

Barua ilikuja mwishoni mwa mwezi wa tano. Nilikuwa jikoni kwa Scolastika, yeye anachekecha unga, Herman akaingia akamwita Thobias sebuleni. Mlango wa kati ulikuwa wazi. Alisoma kwa sauti ile ile ya mkutanoni: ripoti ya siri ilifika ikiwa imefunguliwa na kufungwa tena, kwa hiyo ombi haliwezi kufikiriwa, tawi litoe maelezo haraka. Bahasha yetu ilikuwa imebanwa kwa pini nyuma ya barua. Akaiweka mezani.

"Sanduku liko chumbani kwangu," alisema Herman. "Nyumba hii ina watu watatu. Nani?"

Thobias aliinamia bahasha. Akatazama ule wino uliotapakaa, halafu akainua macho mlangoni akamtazama mama yake aliyesimama na chekecheke, unga mpaka viwikoni, uso wote umekwisha kusema. Akanitazama na mimi. Alijua mama yake hasomi.

"Ni mimi, baba," alisema.

Scolastika akafungua mdomo. "Mama," Thobias akamkatiza, "unga unamwagika."

"Kwa nini?" Herman aliuliza.

"Nilitaka kujua umenisema nini. Si nakujua?"

"Na nimekusema nini?"

Jamani, kijana hakuwa ameona hata herufi moja. Akakisia. "Umeandika ya mwaka wa sabini na nne."

"Nimeandika," Herman alisema polepole.

Thobias akacheka, kile kicheko cha puani. "Nilijua," alisema, akatoka nje.

Nilimwona Herman akikaa. Kwa akili yake mwanawe alikuwa ameyasoma yote, lile neno nilikosea, lile naomba apokewe, na jibu lake lilikuwa kicheko. Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake. Ilikuwa niseme maneno mawili tu. Nikafikiria jela, nikafikiria cherehani, na mimi mwenye mdomo usio na kufuli nikaokota unga chini. Herman akachukua karatasi akaandika maelezo kwamba mwombaji amekiri mwenyewe, akapiga muhuri, na basi la saa nane likamchukua.

Siku ya tatu Scolastika hakuamka kitandani. Ndipo nilipoona kwamba nitamzika rafiki yangu huku nimefunga mdomo, nikamnyanyua, tukaenda ofisini kwa Herman tukamwambia yote. Nikamwambia mvuke ulikuwa wangu na uji wa muhogo ulikuwa wangu, kama ni polisi anipeleke mimi.

Hakutupeleka kokote. Aliuliza swali moja tu. "Mlisoma, mkaona nilichoandika?"

"Tuliona," nilisema.

"Na pale aliposema ni yeye, mlikuwepo." Hakuwa anauliza. Akavua miwani akajifuta uso, mara ya kwanza nimwone akifanya hivyo. Siku hiyo hiyo aliandika barua nyingine ya kufuta yale maelezo yake, nikaweka sahihi yangu chini yake. Haikujibiwa. Katibu anayesema kijana amefungua, kisha wiki ile ile anasema hakufungua, ungemjibu wewe? Mwezi wa saba Chuo kilifunguliwa. Nkwabi wa Melania alisindikizwa kituoni kwa vigelegele, Scolastika naye akavipiga.

"Nenda ukamwambie mwanangu nilichoandika," Herman aliniambia jioni ile. "Mimi nimejaribu, haniamini. Mama yake naye hamwamini, anasema ananitetea. Wewe una mdomo."

Nilikwenda ghalani kesho yake. Msimu wa pamba ulikuwa umeanza, wakulima wamepanga foleni na magunia yao, Thobias kwenye mzani na kalamu sikioni. "Shikamoo, Mama Zamoyoni," alisema. Nikaitikia, nikamvuta pembeni, nikamwambia ripoti yote, neno kwa neno, mpaka "naomba apokewe". Nikaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba nimeisoma kwa macho yangu haya.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Mama Zamoyoni," alisema, "siku ile ulikuwa umesimama mlangoni, ukweli wote unao mdomoni, ukaona naangamia, ukanyamaza. Leo nikuamini kwa lipi?"

Akachukua kalamu sikioni, akamwita mkulima aliyefuata alete gunia lake.