Siku Tulipopinga Maduka Mawili Kuungana

Andika polepole, mjukuu wangu, wala usinipambie maneno.

Samaki wakavu wanaotoka Mulongo niliwauza kwa maduka mawili makubwa ya hapa Kamina. Mnunuzi wa duka la kwanza akinibana bei, nilijitwika kapu langu, nikavuka barabara bila kumuaga. Mara nyingi aliniita kabla sijafika ng'ambo. Kwa kuvuka huko nilimlea mama yako na ndugu zake.

Kisha tukasikia kwamba maduka hayo yanataka kuwa duka moja, lenye mwenyewe mmoja. Usingizi ulinipaa. Nikikataa bei, nitavuka kwenda kwa nani?

Wakaja maofisa wa serikali kuchunguza kama muungano huo utatuumiza. Walituita katika ukumbi wa parokia. Sisi wanawake wa samaki tulikubaliana kuvaa sare, kama tuvaavyo harusini na matangani, ili waone kwamba sauti yetu ni moja. Lakini kikwembe, yaani kitenge cha kujifunga, tulichokuwa nacho sote kilikuwa cha aina moja tu: kile tulichogawiwa na duka la kwanza Mwaka Mpya, chenye alama yake mbele na nyuma. Hakuna aliyeliona kosa. Tulitazama upya wa nguo.

Mkubwa wa maofisa alitukagua, akacheka.

“Bamama, munavaa nguo ya hii duka, halafu munakuya kuishitaki?”

Ukumbi ukaangua kicheko. Mnunuzi wa duka la kwanza, aliyeketi mbele, aliwashinda wote. Jirani yangu akanivuta mkono.

“Yaya, dada yangu, tutoke. Haya itatuua.”

Nikasimama. Nikafungua kikwembe cha juu, nikabaki na cha ndani kilichochakaa, nikakikunja kile cha duka, nikakiweka mezani kwa yule mkubwa.

“Hii nguo balitupatia bure, tata, sababu ng'ambo ya barabara kuko mwingine mwenye kututafuta. Bakikuwa mumoja, nani atatupatia hata uzi?”

Mkubwa hakucheka tena. Aliandika, akasema jibu litatoka.

Asubuhi iliyofuata nilipeleka kapu kwa mnunuzi yule. Hakufunua hata kitambaa kilichofunika samaki. Alitaja bei ya chini kuliko zote nilizowahi kusikia.

“Njo hiyo bei, mama. Ukikatala, vuka.”

Nikavuka. Mnunuzi wa pili alikuwa na simu sikioni. Aliishusha, akanitajia bei ileile kabla sijatua mzigo.

Nikauza. Jibu halijatoka hadi leo, na kila gari la serikali likiingia mjini, natoka mlangoni kulitazama.