Vipande Nane Juu ya Foronya

Kila Jumamosi asubuhi, chai ikishanywewa, mke wa mzee Hakikisha hupangusa meza ya sebuleni, akatandika foronya nyeupe, kisha akakaa upande wa pili na sinia lake, akichambua mchele huku mumewe akisafisha bastola. Ndiyo ilikuwa starehe yao, na asiyeielewa shauri yake.

Mzee alikuwa amewafundisha walinzi wa kampuni moja kutunza silaha kwa miaka ishirini na sita. Jina la Hakikisha walimbandika wanafunzi, maana neno hilo halikumtoka mdomoni. Hakikisha magazini ya risasi imetoka. Hakikisha chemba inamolala risasi ni tupu. "Hata akitaka kunibusu huhakikisha kwanza kama ni mimi," mkewe aliwachekesha majirani, enzi hizo lilipokuwa jambo la kuchekesha.

Bastola yenyewe ilikuwa ndogo, kuukuu, ya kuenea kiganjani, na rangi yake imebabuka. Tangu astaafu haikuwa na kazi nyingine mle ndani zaidi ya kusafishwa.

Sasa mwaka wa pili kichwa kilikuwa kinamtoroka. Sukari ilipatikana kwenye kabati la viatu. Alipotea akitoka kwa kinyozi, nyumba ya tatu kutoka kwake. Daktari hakuzunguka mbuyu: kilichokwenda hakirudi. Mkewe akawa ndiye kiraka. Alimalizia sentensi zake, akamjibia maswali, na watoto wakipiga simu alisema baba yao amelala. Lakini Jumamosi hakuwa na la kuziba, kwa kuwa mikono ile haikusahau kitu.

Barua ya daktari ikafika ofisi ya vibali. Ofisi ikajibu kwamba afisa atakuja, na mzee aifungue bastola na kuisafisha mbele yake. Akikosea, inachukuliwa.

"Wakiichukua hii, mama," alimwambia mkewe, "nitabaki na kitu gani ninachokijua?"

 Mke alimpigia pasi shati lake la kazi.

Afisa alikuja asubuhi, mtu mzima mwenye kitambi. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Si wewe uliyekuwa unakimbia springi ikiruka?"

Afisa akaangua kicheko. Alikuwa yeye kweli, mwanafunzi wa zamani, na mzee alikuwa amemkumbuka! Moyo wa mke ukamruka kwa furaha. Mara ya mwisho kumkumbuka mtu hivyo ilikuwa lini?

Kwenye kona ya sebule palikuwa na ndoo ya mchanga. Kwa sheria ya mzee, bastola haikanyagi meza kabla mtutu haujaelekezwa mchangani, magazini ikatolewa, chuma cha juu kikavutwa nyuma, na chemba ikachunguliwa. Siku hiyo aliipita ndoo kama haipo, akaketi. Mke aliona. Kumkumbusha mbele ya afisa kungekuwa kumwangusha kwa mdomo wake mwenyewe. Akainamia mchele.

Mzee akachomoa magazini, akavuta chuma cha juu. Risasi moja ikaruka kutoka kwenye chemba, ikagonga sinia, ikatulia katikati ya mchele.

Mke akaifunika kwa kiganja. Hata hakufikiri, mkono ulikuwa umezoea kumficha.

Mzee hakuona kitu. Alifungua bastola kwa utaratibu ambao ungeweza kumliza mtu, kipande baada ya kipande, kutoka kushoto kwenda kulia: mtutu, springi, pini yake. Alipitisha kitambaa ndani ya mtutu mara tatu, akauchungulia kwenye mwanga wa dirisha, akapaka mafuta kidogo sana kwa ncha ya kidole. Akahesabu kwa sauti. "Nane." Akaviunganisha vyote bila kusita, akaiweka mezani, akatabasamu kama bwana harusi.

"Umeona?"

"Nimeona, Mwalimu." Afisa alikuwa ameinamisha uso. "Mama, samahani. Naomba hicho ulichofunika."

Mke akafunua. Akaiokota risasi na kuiweka juu ya foronya, punje mbili za mchele zikiwa zimeganda vidoleni mwake.

Mzee akaitazama. Kisha ikamtoka ile sauti ya darasani ambayo nyumba haikuwa imeisikia kwa miaka. "Mtutu ulikuwa unamwelekea nani?"

Akawageukia mmoja baada ya mwingine.

"Nauliza, ulikuwa unamwelekea nani?"

"Mimi, baba," mke akasema. "Mimi."

Enzi zake, mlinzi aliyeacha risasi kwenye chemba alirudisha sare siku hiyo hiyo, na hapakuwa na kubembelezana. Mzee akaisukuma bastola upande wa afisa. Akafungua vifungo vya shati lake kimoja kimoja, akalivua, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya foronya. Akabaki amekaa na fulana, mabega yake yamekuwa membamba, akilia bila kujificha.

Jumamosi iliyofuata mzee alitandika foronya mwenyewe, akauliza bastola iko wapi. Mkewe alisema imepelekwa matengenezo. Hakuridhika. Alipekua makabati mpaka jua likawa kali, akimwita mwizi, na mwishowe mke akashindwa, akamwambia ukweli.

"Mtutu ulikuwa unamwelekea nani?" akauliza mzee.

Mkewe akamjibu. Mzee akalia upya, kama mtu aliyeambiwa kwa mara ya kwanza.

Na Jumamosi iliyofuata akatandika tena foronya.