Watiri na Lango la Mtambo wa Juu

Ofisi ya Watiri iko Kutus, juu ya duka la mbolea, na ukipanda zile ngazi za chuma harufu ya mbolea inakufuata mpaka mlangoni. Ndani kuna meza mbili, redio ya mawasiliano, simu ambazo hazinyamazi, na ubao mkubwa ukutani. Hapo ndipo huamuliwa ni mtambo gani wa stima utakaopumzika na ni upi utakaobeba mzigo.

Mitambo yenyewe ni mitatu, yote kwenye mto mmoja unaoshuka kutoka Mlima Kenya. Watu huiita Juu, Kati na Chini. Juu ni wa kampuni moja yenye makao yake Nyeri, Kati ni wa wakulima wa majani chai, na Chini ni wa ushirika wa maji. Stima yao huingia kwenye laini moja inayolisha vinu vya mpunga vya Wang'uru, soko la Kagio, vipozeo vya maziwa na nyumba za watu. Kila mwenye mtambo hulipwa kwa stima anayouza, kwa hivyo hakuna anayependa kuzima. Na akilazimika kuzima, hutaka iwe siku inayomfaa yeye.

Kabla ya ofisi hiyo kuwepo, kila mmoja alizima alivyotaka. Watiri alikuwa fundi kwenye mtambo wa Chini siku ile Kati walipozima ghafla bila kumwambia mtu. Mzigo wote uliwaangukia wenzao. Chini ukashindwa ukajizima, Juu nao ukafuata, na miji ikakaa giza. Halafu, mafundi wakiwa bado wanaangalia nyaya, Kati wakarudisha stima vilevile bila kusema. Gathogo, aliyekuwa akifanya kazi na Watiri bega kwa bega, aliungua mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Watiri ndiye aliyemshika njiani kwenda hospitalini, na Gathogo alikuwa akiuliza jambo moja tu: "Ni nani amewasha? Ni nani?"

Baada ya hapo wenye mitambo wakakubaliana kuajiri mtu wa kupanga zamu. Walimchagua Watiri kwa sababu hakuwa na undugu na upande wowote, na wengine walidhani mama mpole kutoka Kagio angekuwa rahisi kusukuma. Hawakumjua mama yake. Mama yake aliuza nyanya Kagio maisha yake yote, na madalali walimkwepa kwa sababu hakuna aliyewahi kumpangia bei akaondoka na kreti.

Watiri alianza na sheria mbili. Hakuna kuzima bila kusema. Hakuna kuwasha bila kusema. Haukupita muda mrefu wakaanza kumwita Mama Hapana, kwanza kwa siri, baadaye usoni. Hakukasirika.

Mwaka huo, msimu wa mavuno ya mpunga ulikuta Kati umefunguliwa. Bomba lake kubwa lilikuwa na nyufa, na zamu yake ya ukarabati ilikuwa imepangwa miezi mingi kabla. Wote waliulizwa. Kampuni ya Juu ilijibu kwamba mtambo wake uko sawa kabisa na hauhitaji zamu yoyote. Basi ikapangwa hivi: Juu utaendelea kuzunguka, na maji yakitoka kwenye mashine yake yataingizwa kwenye mfereji unaolizunguka eneo la Kati mpaka Chini. Kwa njia hiyo mto ungekauka pale Kati, mafundi wangeingia ndani ya bomba, na miji isingekosa stima.

Jumanne asubuhi, Wambugu, mkurugenzi wa kampuni ya Juu, akapiga simu.

"Madam Watiri, habari ya kazi. Sisi tunazima leo mchana. Beringi ya mashine inapiga kelele, na niko na mtaalamu hapa kutoka Mombasa. Kesho kutwa anasafiri."

"Hapana, Mzee. Kati iko wazi."

"Wafunge."

"Lango lao limetolewa, liko kwa nyasi. Hakuna kitu cha kufunga. Ukizima Juu, maji hayaingii mfereji. Bwawa linajaa, yanamwagika kwa mto wa zamani, yanaenda moja kwa moja kwa bomba ambalo watu wako ndani. Na Chini nayo inakosa maji, inazima. Sasa ni mitambo mitatu, si mmoja."

"Ati unanifundisha mtambo wangu?"

"Nakuambia zamu yako. Punguza mzigo nusu, bwawa litabeba maji yanayobaki, badilisha oili, uende polepole mpaka Jumamosi. Jumapili ni yako, hakuna mtu atakusumbua."

Wambugu alikata simu. Haikuchukua muda simu ikalia tena. Alikuwa Mzee Kingori, mwenyekiti wa baraza la wenye mitambo, mtu mzima anayeheshimika Kirinyaga yote na ambaye hapendi kelele.

"Watiri," alisema kwa sauti ya kubembeleza, "hawa ni watu wakubwa. Wakubalie tu, tumalize."

"Mzee, nakuheshimu. Lakini siwezi kukubali."

"Basi wacha mimi nikubali kwa niaba yako. Wewe pumzika. Mwachie Monicah ofisi."

Watiri aliweka simu mezani, akamtazama Monicah, mwenzake wa ofisini aliyekuwa akisikiliza redio. Alimwambia kilichosemwa.

"Mimi sitaki hiyo ofisi," Monicah alisema.

"Sijakuuliza kama unaitaka. Kati wanapatikana?"

Monicah alikuwa amejaribu. Mtambo wa Kati uko ndani ya bonde, na mtandao wa simu huko huja na kuondoka. Redio ilikuwa ikikwaruza tu.

"Chukua bodaboda uende Kati," Watiri alisema. "Watu wote watoke kwa bomba, wakae juu kwa ukingo. Usirudi mpaka umewaona na macho yako."

"Na wewe?"

Watiri alikuwa ameshafungua kabati. Alitoa mnyororo na kufuli kubwa jekundu, lile ambalo mafundi hufungia swichi mtu akiwa juu ya nguzo. "Mimi naenda Juu."

Mtambo wa Juu ni wa zamani, na huzimwa kwa kufunga lango la maji kwa mkono, kwa kuzungusha gurudumu la chuma lililo juu ya ukuta wa bwawa. Watiri alifika gurudumu likiwa bado halijaguswa. Upepo wa mlimani ulikuwa baridi. Alipitisha mnyororo katikati ya gurudumu na nguzo ya ukuta, akabana kufuli, akatia ufunguo ndani ya soksi. Kisha akasimama mbele yake.

Munene, meneja wa mtambo, alitoka mbio akiwa na kikombe cha chai mkononi.

"Watiri, ni nini sasa?"

"Munene, kuna watu kwa bomba la Kati."

Munene alisimama. "Nimeambiwa Kati wamefunga."

"Nani amekuambia?"

Munene aligeuka kumtazama Wambugu, ambaye alikuwa akipanda ngazi za bwawa taratibu, koti limefungwa vifungo vyote, mtaalamu wa kutoka Mombasa nyuma yake.

"Toa hicho kitu," Wambugu alisema.

"Sitoi."

"Wewe si mfanyakazi tena. Umesimamishwa asubuhi hii."

"Basi mimi ni mwananchi amesimama kwa ukuta."

"Munene, leta mkasi wa kukata chuma."

Munene hakwenda. Aliweka kikombe chini, akabaki ameinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Wambugu mwenyewe aliita mfanyakazi, na mfanyakazi naye akamtazama Munene. Watiri aliogopa, hata leo hakatai. Lakini alikuwa akiuwaza mkono wa Gathogo, na hasira ilikuwa kubwa kuliko hofu.

Ndipo simu yake ikalia. Alikuwa Monicah, anahema. Watiri aliweka sauti juu ili wote wasikie.

"Nimefika. Ngatia, msimamizi wa huku, amewatoa wote isipokuwa fundi wa kuchomelea. Yuko ndani kabisa, tunaona viatu tu. Anasema hawezi kuacha ufa katikati."

"Nipe yeye."

Ikasikika mikwaruzo, kisha sauti yenye mwangwi kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Ilikuwa ya Jumaa, yule fundi wa kuchomelea, kutoka mtaa wa Majengo, Nyeri.

"Dada, nimalize ama nitoke? Imebaki kidogo."

"Toka kwanza, Jumaa. Tafadhali. Utarudi."

"Nitarudi kweli?"

Watiri alimtazama Wambugu machoni. "Utarudi leo."

Walisikiliza chuma kikigonga chuma, mtu akikohoa, halafu Monicah akisema, "Ametoka. Yuko hapa juu na sisi." Munene alifuta uso kwa kiganja.

Wambugu alinyoosha mkono. "Haya. Watu wametoka. Leta ufunguo."

Kila aliyekuwa pale alidhani mambo yameisha. Munene mwenyewe alisema baadaye kwamba yeye angeutoa ufunguo. Watiri akatikisa kichwa.

"Bado nasema hapana. Ukifunga hapa, bomba la Kati linajaa matope na kazi yote inaanza upya. Chini inakauka. Wang'uru kuna mpunga umeletwa ukiwa na maji, uko kwa mashine za kukausha saa hii. Feni zikisimama, unachacha. Ni ya watu, hiyo mali. Hao hawakukaa na wewe wakakubali uzime."

"Na beringi yangu ikivunjika?"

"Uliulizwa kama unataka zamu ukasema mtambo uko sawa. Ikivunjika, waambie ni Watiri alikataa. Jina langu unalijua."

Mtaalamu, kijana mtulivu aitwaye Ayub, sasa aliomba kwenda kuisikiliza mashine. Aliporudi hakusema kilichomfurahisha mtu yeyote. Beringi ilikuwa mbaya, alisema. Kwa nusu mzigo, oili ikibadilishwa na mtu akiipima joto mchana na usiku, huenda ikafika Jumamosi. Huenda isifike. Yeye hawezi kuahidi.

"Umesikia?" Wambugu alimwambia Watiri.

"Nimesikia. Na wewe umesikia."

Munene ndiye aliyeshuka kupunguza mzigo, bila kuagizwa na mtu. Wambugu alisimama pale muda mrefu akipiga simu ambazo hazikupokelewa, kisha akaondoka kwa gari lake. Watiri alibaki ukutani mpaka jua lilipoegemea upande wa Nyandarua. Jumaa akarudi ndani ya bomba siku hiyohiyo.

Beringi ilifika Jumamosi, lakini kwa shida, na ilipofunguliwa ilikuwa imekula shafti, ule mhimili wa mashine. Ukarabati ukawa mkubwa kuliko ambavyo ungekuwa Jumanne, na kampuni haikuacha kulisema. Ni kweli, na Watiri hajawahi kulikana.

Baraza lilikutana Kutus katika ukumbi wa kanisa. Wakulima wa chai walikuja, watu wa ushirika wakaja, na wenye vinu wa Wang'uru, ambao hawakualikwa, wakajaza viti vya nyuma. Mzee Kingori alisema jambo hili linaweza kumalizwa kwa upole: Watiri aombe msamaha kwa kampuni, arudi kazini, yaishe.

Watiri alisimama. "Mzee, kama ningekuwa nimekosea, ningeomba hata kwa magoti. Sikukosea. Siombi."

"Hata kwa ajili ya amani?"

"Hiyo amani Gathogo aliionja. Muulizeni."

Gathogo alikuwepo, amekaa kando ya dirisha, mkono wake wenye makovu juu ya goti. Wanawake wawili wa Wang'uru walianza kupiga makofi, na mwenyekiti akagonga meza watulie, lakini hawakutulia.

Hawakumrudisha siku hiyo. Alikaa nyumbani Kagio hadi mvua nyingine ilipoanza, akimsaidia mama yake sokoni, huku Monicah akikataa kila wiki kuitwa mkuu wa ofisi. Mwishowe wenye vinu waliwaambia wenye mitambo kwamba hawatasaini mkataba mpya wa stima na watu wasiojua nani anazima lini. Watiri akaitwa. Alisema atarudi kwa sharti moja: hakuna mwenyekiti wala mkurugenzi atakayekubali kuzimwa kwa mtambo kwa niaba yake. Walibishana mchana mzima, wakakubali.

Munene aliacha kampuni ile, na sasa anasimamia mtambo wa Chini. Jumaa huitwa kila bomba linapopasuka, na hutoza zaidi kuliko zamani. Wambugu na Watiri hukutana mara kwa mara Kagio, siku ya soko. Wambugu huinua kofia kidogo, Watiri humwitikia, na kila mmoja huendelea na safari yake.