Ala Nyeusi Kiunoni

Nilianza kuvaa stethoskopu kiunoni nikiwa Nachingwea, baada ya mgonjwa kunikaba nayo.

Nilikuwa tabibu mgeni, nimetoka chuo si muda mrefu, na kama wenzangu wote nilikitundika kile kifaa cha kusikilizia moyo na mapafu shingoni. Siku hiyo wodini kulikuwa na kijana ambaye malaria ilikuwa imempanda kichwani. Alikuwa haoni, hasikii, anapigana na hewa tu. Nilipoinama kumshika mkono ili nesi apate mshipa, akakamata mpira wa stethoskopu na kuuvuta kwa nguvu zake zote. Nesi ndiye aliyeachanisha vidole vyake kimoja kimoja. Kijana alipona, na siku ya kuruhusiwa akaja kunishukuru kwa adabu kabisa. Hakukumbuka lolote, na mimi sikumwambia. Nilibaki na alama shingoni iliyokuwa ikinichoma kila nilipotokwa jasho, na Nachingwea jasho halikauki.

Nikajaribu kuiweka stethoskopu kwenye mfuko wa koti. Nikiinama inachomoka. Mara moja ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ya kudekia, na zamu nzima iliyofuata nilisikia mioyo ya watu kama wamezama kisimani. Ndipo nikaenda kwa fundi viatu mmoja karibu na soko, Mmakonde wa makamo aliyekuwa akisikiliza redio huku anashona soli.

"Unataka ikae vipi?" aliniuliza.

"Ikae kiunoni, kwenye mkanda. Nikikimbia isidondoke, nikiinama isidondoke."

Aliipokea, akaikunja mara mbili tatu mkononi akiitafutia umbo.

"Basi unataka ala," alisema. "Kama ya kisu, ila pana."

Alikata ngozi nyeusi ya buti kuukuu, akaishona kwa uzi mnene, akaiwekea kifuniko chenye kifungo cha kubana na kitanzi cha kupitisha mkanda. Ya kwanza ilikuwa fupi, akaifumua bila kunung'unika na kuishona upya. Tangu hapo sikuwahi tena kuitafuta stethoskopu yangu. Nikipeleka mkono kiunoni, ipo. Wenzangu walinicheka siku chache, kisha wakazoea.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Ruangwa, kwenye kituo cha afya upande wa Nambilanje. Mke wangu alikuwa mwalimu Kigoma. Tulifunga ndoa tukijua kwamba mmoja ataomba uhamisho amfuate mwenzake. Tukaomba wote wawili, kila mtu kwa wakubwa wake, na kila mmoja akaambiwa asubiri. Kwa hiyo nilikuwa mtu mwenye ndoa anayepika ugali wa mtu mmoja. Simu ilishika mtandao nikisimama juu ya kichuguu nyuma ya nyumba, na huko ndiko nilikoongea na mke wangu jioni, nimesimama wima kama mlinzi, maana nikikaa chini tu sauti yake inakatika.

Sina neno baya la kusema juu ya watu wa pale. Waliniheshimu, na heshima yenyewe ndiyo iliyoniweka mbali nao. Nikifika kwenye benchi la kahawa, mazungumzo ya Kimwera yanageuka Kiswahili, halafu yanapungua, halafu mmoja ananionyesha uvimbe kwenye goti. Mwezi wa Ramadhani jirani yangu aliniletea futari kila jioni, mihogo ya nazi kwenye bakuli lililofunikwa kwa kawa, ingawa alijua mimi si Mwislamu. Aliiweka kizingitini, akabisha hodi na kuondoka kabla sijafungua. Nilikula vizuri mwezi ule, nikitazama ukuta.

Mara moja kwa mwezi tulitoka kwa huduma ya mkoba, yaani kupeleka chanjo na matibabu kwenye vitongoji vya mbali. Tulikuwa wawili: mimi na nesi wa kituo, mama wa Kimwera aliyezaliwa huko huko, ambaye kila mtu alimwita Sista. Kila mmoja alipanda pikipiki yake, na sanduku la chanjo lilifungwa kwenye ya kwake kwa sababu hakuniamini kwenye makorongo.

Siku ninayoikumbuka tulikuwa kitongoji cha mwisho, mahali ambapo mashamba ya ufuta yanaishia na pori linaanza. Kina mama walikuwa wamekwisha kupanga foleni na watoto wao. Sista akaniambia, "Dokta, hapo mbele wamehamia wafugaji, wale wa Kanda ya Ziwa. Wana watoto wengi na hawajaleta hata mmoja. Kawaite, mimi naanza na hawa."

Nilivua koti jeupe nikamwachia, kwa sababu ya vumbi. Nikaondoka na shati la bluu, suruali ya kaki na mkanda wangu kiunoni.

Boma lao lilikuwa limezungushiwa matawi ya miiba, na ndani yake kulikuwa na vibanda vipya ambavyo nyasi zake zilikuwa bado na rangi ya kijani. Nilizima pikipiki nikiwa mbali ili nisishtue ng'ombe, nikaenda kwa miguu. Mwanamke aliyekuwa anatwanga aliniona kwanza. Macho yake yalishuka mpaka kiunoni kwangu, akaachia mchi. Alisema neno moja, si kwa kelele, na boma zima likaondoka. Watoto waliingia porini, wanawake nyuma yao na vichanga mgongoni. Nilibaki nimesimama mlangoni, kinu kiko wazi, moto unawaka, chungu kinachemka, na hakuna mtu.

Niliita hodi. Niliita tena nikasema natoka hospitali. Hakuna aliyerudi.

Kisha nikasikia kikohozi.

Kwenye kivuli cha kibanda, juu ya ngozi ya ng'ombe, alikuwa amekaa bibi mmoja, miguu ameinyoosha, amejifunika blanketi mchana ule wa jua kali. Wenzake hawakumtelekeza kwa ubaya. Hawakuwa na jinsi ya kumbeba wakikimbia. Aliponiona akainua kiganja chake mbele ya uso.

"Ng'ombe hakuna," alisema kwa Kiswahili. Aliyatamka maneno hayo kama mtu aliyefundishwa ayaseme na kuishia hapo.

Kwa Kisukuma nilijua salamu ya asubuhi tu. "Mwangaluka, mayu," nikasema.

"Mwangaluka," aliitika, lakini kiganja hakukishusha.

Alikuwa anapumua kwa shida, mabega yakipanda na kushuka, na midomo imemkauka. Nilijua kabla ya kumgusa kwamba lazima nisikilize kifua kile. Nikapiga goti, nikapeleka mkono kiunoni kama nilivyozoea, na kifungo kikalia tap.

Bibi alifumba macho. Hakulia wala kujaribu kusogea. Alifumba tu na kushusha kidevu kifuani, akisubiri.

Hapo ndipo nilipoelewa walichokiona wote. Mtu wa suruali ya kaki, hakuja na mwenyeji, ana kitu cheusi cha ngozi kwenye mkanda. Nilibaki na mkono hewani sijui niupeleke wapi. Halafu nikafungua mkanda mzima, nikauvuta kutoka kwenye suruali pamoja na ala yake, nikauweka chini kati yetu na kuusukuma kwake. Suruali ikaanza kuteremka, maana nilikuwa nimekonda tangu nihamie kule. Nikaishika kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine nikafunua kifuniko polepole na kuvuta ule mpira nje.

Alifungua jicho moja. Akaangalia mpira, akaangalia suruali yangu, na kitu kikamtikisa mabega ambacho nilidhani ni kikohozi. Kilikuwa kicheko.

Sikutaka kumgusa haraka. Nilimwekea yeye ile stethoskopu masikioni kwanza, nikakaa karibu na kubandika upande wa pili kifuani kwangu. Akatulia. Alisikiliza kwa muda mrefu, uso wake umekaza, kama anayesikiliza habari za mtu wa nyumbani kwao. Nilikuwa nimesikiliza watu wengi sana tangu nifike sehemu zile. Alipomaliza alisema jambo kwa Kisukuma, akaninyooshea stethoskopu, na mwenyewe akalegeza blanketi ili nami nimsikilize.

Pafu la kulia, chini, lilikuwa linatatarika kama chumvi iliyotupwa motoni. Mwili wake ulikuwa wa moto. Ilikuwa nimonia, na ilikuwa imekwisha kukaa siku kadhaa.

Sikuweza kumbeba, na sikuweza kumwacha nikamwite Sista. Kwa hiyo nilikaa naye. Nilimnywesha maji. Niliondoa chungu motoni kabla hakijaungua. Nilivaa mkanda wangu bila ile ala. Tulikaa pale wawili, hakuna anayejua lugha ya mwenzake, na sikuhisi haja ya kusema kitu.

Mwanawe alitokea upande wa nyuma, mtu mzima mrefu mwenye fimbo, na ilikuwa wazi kwamba alikuwa ametuangalia kwa muda kabla ya kujitokeza.

"Wewe ni ofisa wa ardhi au wa mifugo?" aliniuliza.

"Wa hospitali."

"Na bastola ya nini?"

Nilimpa ile ala. Akaingiza mkono, akaipapasa ndani mpaka chini, akanirudishia. Hakucheka. Nilimweleza kwamba mama yake ana nimonia na anahitaji sindano za kituoni, kwamba dawa za kumeza peke yake zinaweza zisimtoshe. Alimtazama mama yake, wakaongea.

"Anasema moyo wako unakimbia," aliniambia. "Anauliza, ni nani anakufukuza?"

"Mwambie hakuna."

Akamwambia. Bibi aliguna, akaonekana hakuridhika na jibu.

Tulimpeleka kituoni kwa pikipiki, amekaa katikati, mwanawe nyuma akimshikilia, akalazwa, nami nikarudi kwa Sista. Watoto waliletwa kwa Sista baadaye mchana, wote, wakiongozwa na yule mwanamke wa kinu. Alipita mbele yangu akiangalia chini.

Wodini mambo hayakuwa mepesi. Msimu ule ng'ombe walikuwa wameingia kwenye mashamba ya watu, na wagonjwa wa vitanda vya jirani waliomba wahamishwe. Hawakusema sababu. Walibeba khanga zao na vyombo vyao, na bibi akabaki na upande mzima wa wodi peke yake. Nilimwuliza Sista kama yupo radhi kumhudumia, kwa kuwa nilisikia na shamba lake limeliwa.

"Mbaazi zangu zimeliwa zote, Dokta," alinijibu huku akivuta dawa kwenye bomba la sindano. "Sina hata za kuchemsha. Lakini sindano nitamchoma."

Na alimchoma, kila saa yake ilipofika, bila kumsemesha na bila kumuumiza.

Asubuhi kabla ya zamu nilimpelekea bibi chai. Alikuwa ameanza kukaa nje, kwenye ngazi ya wodi, nami nikakaa ngazi ya chini yake. Nilijifunza kusema maziwa kwa lugha yake. Yeye alijifunza kusema "Dokta", akilitamka kama jina la mtoto wa ukoo. Kila nilipomaliza kumpima alinyoosha mkono apewe zamu yake, nami nilimpa. Alisikiliza, akatikisa kichwa kwa namna ya mtu anayeona hali bado. Kifua chake kilisafika. Mwanawe akaja kumchukua, akanipa mkono, wakaondoka.

Miezi iliyofuata, kila tulipotoka kwa huduma ya mkoba nilipita bomani kwao. Hakuna aliyenikimbia tena. Nilimkuta bibi kivulini, nikamsikiliza, akanisikiliza, nikanywa maziwa kwenye kibuyu. Sista alinisubiri kwenye pikipiki nje ya miiba. Hakuingia hata mara moja, na hakunizuia kuingia.

Baada ya mvua kuisha nilifika nikakuta mlango wa miiba umelala chini. Vibanda vilikuwa vimebomolewa na fito zote zimechukuliwa. Kulibaki samadi, mviringo mweusi wa moto na njia pana ya kwato inayoelekea porini. Nilisimama pale alipokuwa akikaa. Nyasi zilikuwa zimelala na kuwa njano, umbo la ngozi ya ng'ombe.

"Wameambiwa waondoke," Sista alisema kutoka nje. Baadaye kidogo akaongeza, "Pole, Dokta." Tulirudi kituoni.

Jioni nilipanda juu ya kichuguu nikampigia mke wangu, nikamweleza.

"Hawakukuaga?" aliuliza.

"Wangeniaga wapi?"

Akaniuliza nimekula nini. Nikamwambia ugali na mlenda, ingawa nilikuwa sijapika.

Watu walikuwa na habari tofauti. Wengine walisema wamevuka kwenda upande wa Lionja, wengine Marambo, wengine mbali zaidi. Siku moja ya mapumziko nilipanda basi mpaka Nachingwea, nikaenda kwenye mnada wa ng'ombe. Nilizunguka katikati ya vumbi na fimbo nikiuliza wafugaji kama wanamjua bibi mmoja aliyeugua kifua huko Nambilanje, mwanawe ni mrefu. Walinisikiliza vizuri. Mmoja aliniambia kwamba kina mama wazee wapo wengi na watoto wao wote ni warefu, na nikaona hakusema kwa dharau.

Maombi yetu ya uhamisho bado hayajajibiwa. Siku ile ya mnada nilinunua sabuni na vitunguu, nikawahi basi la kurudi Ruangwa, kwa sababu kesho yake nilikuwa na zamu ya asubuhi.